Mkeka wa Oscar: umfuate nani kati ya Golden Globe, BAFTA na vyama vya Hollywood?

Januari ikiingia, kundi letu la wapenda muvi hapa Mbeya huacha habari za mpira na siasa na kubaki na mikeka ya Oscar tu, yaani kubashiri tuzo kubwa za filamu za Marekani. Wamo walimu, wamo vijana wa bajaji wa Kabwe, wamo wanafunzi wa chuo cha MUST, yumo dada mmoja mwenye saluni mtaa wa Soweto, na wapo waliohamia Iringa na Njombe lakini wamekataa katakata kutoka kwenye kundi. Kila mtu anatoa elfu mbili. Kwanza tunajaza wateule, baadaye tunajaza washindi. Aliyepatia vipengele vingi anabeba mzigo wote.

Ubishi wetu unahusu nani wa kumfuata, kwa sababu filamu zenyewe wengi hatujaziona. Kabla ya Oscar kuna tuzo nyingine nyingi, na kila moja ina mashabiki wake kundini. Mmoja anasema, "Kaka, Globe imeshatoka, kazi imeisha." Mwingine anamjibu, "Subiri BAFTA, mdogo wangu, usichane mkeka mapema." Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kujaza vizuri bila kuangalia filamu zote kumi. Hata akitaka kuziangalia, nusu yake bado hazijafika kwenye flashi za Mwanjelwa.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni kabisa. Mkeka wa wateule na mkeka wa washindi ni mikeka miwili tofauti, na mwongozo unaofaa kwenye mmoja unaweza kukupoteza kwenye mwingine. Chanzo chake ni wapiga kura. Wakati wa uteuzi, Akademi ya Marekani, inayotoa Oscar, inapiga kura kwa matawi: waigizaji wanateua waigizaji, waongozaji wanateua waongozaji, wahariri wanateua wahariri. Filamu Bora peke yake ndiyo inateuliwa na wote. Ikifika kuchagua washindi, wapiga kura wote, wapatao 10,000, wanaweza kupiga kura kwenye kila kipengele. Mshonaji wa mavazi anachagua mwongozaji bora, na fundi sauti anachagua mwigizaji bora wa kike.

Filamu Bora

Nimechukua tuzo 11, kuanzia zile za 2015 hadi za 2025, nikaangalia nani aliitaja filamu iliyokuja kushinda Oscar ya Filamu Bora.

| Mwongozo | Mara alizopatia, kati ya 11 |
|---|---|
| PGA, chama cha watayarishaji | 8 |
| Critics Choice, wakosoaji | 6 |
| SAG, waigizaji (tuzo ya kikosi kizima) | 6 |
| Golden Globe, waandishi wa habari | 4 |
| BAFTA, Akademi ya Uingereza | 2 |

Globe ina tuzo mbili za filamu bora kila mwaka, moja ya drama na nyingine ya vichekesho na muziki. Maana yake walikuwa na nafasi 22 za kupatia, na bado wakaambulia nne. Mwaka 2025 waliipa The Brutalist ya kwanza na Emilia Pérez ya pili. Anora waliiteua mara tano wakairudisha nyumbani mikono mitupu. Miezi miwili baadaye, Machi 2, Anora ikachukua Oscar tano, Filamu Bora ikiwa mojawapo.

Sisemi Globe ni mbovu kwa kila kitu. Sherehe yao ni nzuri, hotuba zao zinachangamsha, na mtu akishinda pale anaonekana na dunia nzima kabla kura za Oscar hazijapigwa. Lakini wanaoamua pale ni waandishi wa habari. Zamani hawakufika hata mia moja, na mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilipofichua kwamba hakuna hata mmoja mweusi kati yao, palichafuka, mpaka sherehe ya 2022 ikafanyika bila kurushwa kwenye televisheni. Chama kile kilivunjwa 2023, na sasa wapiga kura ni waandishi zaidi ya 300 kutoka nchi mbalimbali. Ni mabadiliko makubwa, ila kazi yao ni kuandika habari za filamu, na anayepiga kura ya Oscar ni mtu wa kutengeneza filamu.

Kwa nini PGA inapatia zaidi? Wengi kundini wanadhani ni kwa sababu watayarishaji ndio wenye pesa. Mimi naona sababu kubwa ni namna ya kuhesabu. Tangu tuzo za 2010 Akademi inahesabu Filamu Bora kwa kura ya kupanga namba: mpiga kura anaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. PGA walianza kuhesabu hivyo hivyo msimu uleule.

Chukua watu 20 wanaotaka kuagiza sufuria moja ya chakula cha mchana. Wanane wanataka wali wa Kyela na kuku, saba wanataka ndizi nyama, watano wanataka ugali samaki. Kwa kura ya kawaida wali umeshinda. Kwa kura ya kupanga namba, hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo chakula cha mwisho kinatolewa. Wale watano wa ugali wanaulizwa: chaguo lenu la pili lilikuwa nini? Kama wote waliandika ndizi, basi ndizi inafika 12 na wali unabaki na wanane wake. Sufuria ni ya ndizi, ingawa aliyeongoza mwanzo ni wali.

Ndivyo filamu inayopendwa sana na wachache na kuwachukiza wengine inavyoanguka mbele ya filamu ambayo karibu kila mtu ameiweka namba mbili au tatu. Tuzo za 2022 ndizo zilizotufundisha somo hili hapa Mbeya. The Power of the Dog ilikuwa na uteuzi 12, ikiwa na Globe, Critics Choice na BAFTA mkononi. CODA, hadithi ya binti mwenye kusikia katika familia ya viziwi, ilikuwa na uteuzi wa vipengele vitatu tu. Hata mwongozaji wake hakuteuliwa, hata uhariri wake haukuteuliwa. Lakini SAG waliipa tuzo ya kikosi, kisha PGA wakaipa yao. Usiku wa Oscar CODA ikabeba vyote vitatu ilivyoteuliwa, na The Power of the Dog ikaondoka na kimoja, cha mwongozaji Jane Campion. Kundini kulikuwa na mikeka mingi iliyochanika asubuhi ile. Walioiona CODA hawakushangaa hata kidogo. Ni filamu ambayo ukimwekea bibi yako ataipenda, na ukimwekea mwanafunzi wa chuo ataipenda.

Weka basi PGA na SAG pamoja. Katika zile tuzo 11, mara nne walikubaliana juu ya filamu moja: Birdman (2015), CODA (2022), Everything Everywhere All at Once (2023) na Oppenheimer (2024). Zote nne zilishinda Oscar. Wakikubaliana, andika na usibishane na mtu. Mara saba walipishana. PGA alipatia nne, SAG akapatia mbili, Spotlight ya 2016 na Parasite ya 2020, na mara moja wote wawili walikosa. Hiyo ni 2017, mwaka wa Moonlight, uleule ambao La La Land ilitangazwa kwa makosa baada ya watangazaji kukabidhiwa bahasha isiyo yake. Mwaka ule Globe ya drama ndiyo iliyokuwa imeiona Moonlight. Kwa hiyo shabiki wa Globe ana jambo moja la kujivunia, na kwenye kundi letu hachoki kulikumbusha.

Kwenye uteuzi wa Filamu Bora pia PGA ndiye wa kufuata. Orodha yake ina filamu kumi, na Oscar nayo ina kumi kamili tangu 2022. Mwaka 2024 zililingana zote kumi, moja baada ya nyingine. Mwaka 2025 zililingana nane. PGA waliweka A Real Pain na September 5, Akademi ikaziondoa na kuingiza I'm Still Here ya Brazil na Nickel Boys. Kinachoponyoka PGA mara nyingi ni filamu ya lugha nyingine au ya mtindo mgeni. Ukitaka kubadilisha moja au mbili kwenye orodha yao, anzia hapo.

Waigizaji

Huku mambo yanageuka. Ile BAFTA iliyopatia mara mbili tu kwenye filamu inakuwa mwongozo mzuri kwenye waigizaji wakuu.

Kuanzia tuzo za 2019 hadi za 2025, SAG na BAFTA walipishana mara tisa kwenye mwigizaji mkuu, wa kike na wa kiume. BAFTA akapatia sita, SAG tatu. Mwaka 2019 Glenn Close alikuwa na SAG, Olivia Colman ana BAFTA. Oscar ikaenda kwa Colman. Mwaka 2021 palikuwa pagumu zaidi. Chadwick Boseman alikuwa amefariki Agosti 2020, akawa ameshinda Globe, Critics Choice na SAG. Waandaaji wa sherehe wakaipeleka tuzo ya mwigizaji wa kiume mwisho kabisa, baada ya Filamu Bora, na kila mtu akaelewa wanategemea nini. Bahasha ikafunguliwa, jina likawa Anthony Hopkins, ambaye hata ukumbini hakuwepo. Alikuwa kwao Wales. BAFTA ilikuwa imemtaja Hopkins. Mwaka huohuo SAG walimpa Viola Davis, BAFTA wakampa Frances McDormand, na Oscar ikamfuata McDormand. Mwaka 2025 tena, Demi Moore alikuwa na Globe, Critics Choice na SAG. Mikey Madison alikuwa na BAFTA. Oscar ni ya Madison.

Je, ufuate BAFTA tu kwa waigizaji? Hapana, na hapa ndipo napishana na rafiki yangu wa Iringa, mwalimu wa Kiingereza, anayeamini Waingereza ndio waliozaliwa na uigizaji. Mwaka 2023 SAG walipatia vyote viwili, Michelle Yeoh na Brendan Fraser, wakati BAFTA walichagua Cate Blanchett na Austin Butler. Mwaka 2022 BAFTA haikuwa na la kutuambia, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wateule wake wa kike aliyeteuliwa Oscar. Jessica Chastain alishinda akiwa na SAG. Kabla ya kuifuata BAFTA, angalia kwanza kama wateule wake ndio walewale wa Oscar.

Ninachokitumia mimi wawili hawa wanapopishana ni swali moja: filamu ya mwigizaji huyu imesimama wapi kwenye kipengele cha Filamu Bora? The Favourite ya Colman iliteuliwa Filamu Bora, The Wife ya Close haikuteuliwa. The Father ya Hopkins iliteuliwa, Ma Rainey's Black Bottom ya Boseman haikuteuliwa. Nomadland ya McDormand ilishinda kabisa, na Davis alikuwa kwenye ileile Ma Rainey. Everything Everywhere ya Yeoh ilishinda. Anora ya Madison ilishinda. Wapiga kura wa mwisho ni Akademi nzima, na wengi wao wanaangalia zile filamu kumi kwanza. Mwigizaji aliye nje ya kumi hizo huenda hajaonwa na nusu yao. Swali hili nalo limewahi kukosea: Fraser alishinda ingawa The Whale haikuwemo kwenye kumi, na Butler alikuwemo na Elvis. Na Chastain pia filamu yake haikuwemo.

Sheria mpya inaweza kupunguza nguvu ya swali hili. Kuanzia tuzo za 2026, mwanachama haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele bila kuwa ameangalia filamu zote zilizoteuliwa humo. Zamani ilikuwa ni heshima yake mwenyewe.

Kwa waigizaji wasaidizi, sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Mwaka 2014 Jennifer Lawrence alichukua Globe akachukua na BAFTA. Lupita Nyong'o alikuwa na Critics Choice na SAG. Lupita ndiye aliyeondoka na Oscar, kwa 12 Years a Slave, filamu iliyoshinda Filamu Bora usiku uleule. Wengi huku tulikuwa tumemjaza kwa sababu ya damu. Mwenye kufuata SAG na lile swali la filamu imesimama wapi angemjaza hata kama angekuwa ametoka Norway.

Hayo ni ya ushindi. Kwenye uteuzi wa waigizaji fuata SAG, lakini acha nafasi moja kati ya tano kwa mtu ambaye hakuna aliyemtaja. Tawi la waigizaji linahesabu kwa kura za namba moja: ukizipata takribani moja ya sita ya zilizopigwa, umeingia. Hapo hauhitaji kupendwa na wengi, unahitaji wachache wanaokupenda sana. Ndivyo Andrea Riseborough alivyoteuliwa 2023 kwa To Leslie, bila SAG, bila Globe, bila BAFTA, baada ya waigizaji wenzake wakubwa kumpigia debe mitandaoni siku za mwisho.

Mwongozaji: DGA au Cannes?

Hiki ndicho kipengele kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mikeka ni miwili.

Kwa ushindi hakuna mwongozo wenye rekodi ya DGA, chama cha waongozaji wa Marekani. Tangu 1948 hadi tuzo za 2025, mshindi wao amekosa Oscar ya mwongozaji mara nane tu. Na kati ya hao nane, watatu walikuwa hawajateuliwa Oscar hata kidogo: Steven Spielberg 1986, Ron Howard 1996 na Ben Affleck 2013. Mara ya mwisho kupishana ilikuwa 2020, DGA walipompa Sam Mendes wa 1917 na Akademi ikampa Bong Joon-ho wa Parasite. Kama mshindi wa DGA ameteuliwa Oscar, mjaze na uende kwenye kipengele kinachofuata.

Lakini ukitumia orodha ya DGA kujaza wateule watano, utapigwa. Mwaka 2022 Denis Villeneuve alikuwa kwenye orodha yao, Oscar ikamwacha na kumchukua Ryusuke Hamaguchi wa Japani. Mwaka 2023 akaachwa Joseph Kosinski wa Top Gun: Maverick, akaingia Ruben Östlund wa Sweden. Mwaka 2024 wakaachwa wawili, Greta Gerwig wa Barbie na Alexander Payne, wakaingia Justine Triet wa Ufaransa na Jonathan Glazer wa Uingereza. Mwaka 2025 akaachwa Edward Berger wa Conclave, akaingia Coralie Fargeat, Mfaransa mwingine.

Angalia walioingia wametokea wapi. Drive My Car ya Hamaguchi ilipata tuzo ya skripti kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2021. Triangle of Sadness ya Östlund ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, 2022. Anatomy of a Fall ya Triet ilipata Palme d'Or 2023, na The Zone of Interest ya Glazer ikapata tuzo ya pili kwa ukubwa tamasha lilelile. The Substance ya Fargeat ilipata tuzo ya skripti Cannes 2024. Wote watano walipita Cannes na kuondoka na tuzo. DGA ni chama chenye maelfu ya watu, wakiwemo wa televisheni na matangazo. Tawi la waongozaji la Akademi ni la mia kadhaa tu, na limejaa watu wa nje ya Marekani. Hao Mei huwa wako Ufaransa, au angalau wanafuatilia nani ameshinda kule.

Chukua basi watano wa DGA, toa mmoja mwenye filamu kubwa ya sokoni au asiye na uhakika, weka mmoja kutoka Cannes. Kosa la kuwajaza wote watano kama walivyo kundini tunaliita kosa la Gerwig, kwa sababu mwaka ule karibu kila mtu alimjaza. Dada wa saluni alipigia hesabu Barbie yote kwa moyo, na mpaka leo ukimtajia Akademi anasonya.

Kwa upande wa filamu nzima Cannes siyo ya kutegemea. Ni kweli Parasite na Anora zilianza na Palme d'Or, ila miaka mingi mshindi wa Cannes hafiki mbali Oscar. Tamasha la Toronto nalo lilikuwa na sifa ya kutabiri kwa kura zake za watazamaji, likazitaja Slumdog Millionaire, The King's Speech, 12 Years a Slave, Green Book na Nomadland. Mwaka 2024 wakaipa The Life of Chuck, ambayo haikuwemo hata kwenye msimu wa Oscar uliofuata. Septemba ni mapema mno.

Skripti

Haraka haraka: usimfuate WGA, chama cha waandishi, bila kuangalia nani anaruhusiwa kushindana. Kanuni zao zinaziacha nje skripti nyingi zilizoandikwa nje ya mikataba yao. Mwaka 2024 waliipa The Holdovers kwa sababu Anatomy of a Fall haikuwemo kabisa. Globe na BAFTA walikuwa wameshaipa Anatomy, na Oscar ikafuata. Hapa BAFTA inamzidi WGA.

Idadi ya uteuzi, na kampuni za kubeti

Kijana yeyote wa bajaji atakuambia: iliyoteuliwa mara nyingi ndiyo inashinda. Siyo. La La Land ilikuwa na uteuzi 14, haikupata Filamu Bora. Emilia Pérez ilikuwa na 13 mwaka 2025, ikaishia na tuzo mbili, ya Zoe Saldaña na ya wimbo. Katikati ya kampeni yake, maneno ya zamani ya mwigizaji wake mkuu mitandaoni yalifukuliwa na kusambaa, na filamu ikaanza kushuka siku ile. Uteuzi mwingi unakuonyesha kwamba matawi mengi yanaipenda filamu. Hauonyeshi kwamba watu wengi wataiweka namba moja au mbili.

Kampuni za kubeti na tovuti za watabiri zinakusanya yote niliyoyataja na kuyapa hesabu. Ni nzuri kwa mvivu. Tatizo ni kwamba kundi zima linazisoma, kwa hiyo ukizifuata mkeka wako utakuwa sawa na wa watu kumi wengine, na mzigo mtagawana.

Filamu ya kimataifa

Kipengele hiki tunakipa macho ya pekee kwa sababu Tanzania tumo, au tulitaka kuwemo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipelekwa kuwania tuzo za 2023, haikufika kwenye watano. Kwa Afrika ushindi ni wa kuhesabu: Algeria na Z, Ivory Coast 1977 na Black and White in Color, Afrika Kusini 2006 na Tsotsi.

Mwongozo bora hapa ni kipengele kingine cha Oscar yenyewe. Kama moja kati ya filamu tano imeteuliwa pia Filamu Bora, ijaze hiyo: Roma, Parasite, Drive My Car, All Quiet on the Western Front na The Zone of Interest zote zilifuata njia hiyo. Mwaka 2025 zilikuwa mbili, Emilia Pérez na I'm Still Here. Globe na BAFTA walichagua ya kwanza, Oscar ikaenda Brazil.

Filamu fupi sina cha kukusaidia. Jaza unavyoona jina limekukaa, maana kila mtu anafanya hivyo. Kuna pia kipengele kipya cha casting, yaani kazi ya kuchagua nani aigize nini kwenye filamu, kilichoanza na tuzo za 2026. Kwa hicho anza na filamu iliyopata SAG ya kikosi.

Lini ujaze, lini ufunge

Wateule hutangazwa alfajiri ya California, ambayo kwetu ni saa kumi na nusu jioni. Ukiwa Uyole au Mafiati na mvua za Januari, hakikisha simu ina chaji kabla umeme haujakatika. Mkeka wa wateule ujazwe baada ya orodha za PGA, DGA na SAG kutoka.

Mkeka wa washindi una mtego wa wiki za mwisho. Mwaka 2025 Anora ilishinda PGA na DGA usiku mmoja, Februari 8. Februari 16 BAFTA wakaipa Conclave. Kura za mwisho za Oscar zikafungwa Februari 18. Februari 23 SAG nao wakaipa Conclave tuzo ya kikosi, na kundi likaingia kiwewe. Watu wakafuta Anora usiku uleule. Hakuna aliyekumbuka kwamba wakati SAG wanapanda jukwaani, kura za Oscar zilikuwa zimeshafungwa siku tano nzima, kwa hiyo tuzo ile haikuweza kumgeuza mpiga kura hata mmoja.

Sherehe yenyewe kwetu huanza saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, kutegemea kama Wamarekani wameshasogeza saa zao. Sisi tunafunga mikeka Jumapili saa nne usiku. Tangu ile Conclave kuna sheria mpya: kubadilisha jibu baada ya BAFTA ni shilingi mia tano kwa kila kipengele, na inaingia kwenye mzigo wa mshindi.